Mume wa Ukutani

Ukuta ulicheka kabla Ntandu hajamaliza kuvua viatu.

"Pita kulia mwanangu," Mama Tunu alimwambia toka kwenye kiti chake. "Usipite hapo kushoto, utamkanyaga mwenzio."

Ntandu akapita kulia. Hakuuliza. Kazi ya kupiga chokaa ukishaifanya muda mrefu unazoea kuambiwa uwapishe watu ambao hawapo. Kuna nyumba unaambiwa nong'ona, baba kalala, na baba mwenyewe mlimzika wote mwaka juzi. Unanong'ona. Unafanya kazi yako, unasepa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Hao kampuni hawakupi hata muda wa kula?"

"Muda upo. Hamu ndo sina."

Akakaa kwenye stuli, mkoba katikati ya miguu. Toka asubuhi alikuwa juu ya ngazi kule Kibaoni, anapaka dari la mtu anayetaka helikopta zimpite utosini. Mikono ilikuwa nyeupe mpaka viwikoni, na macho yanawasha. Alitaka kitu kimoja tu, amalize aende akalale.

Kwenye kioo cha televisheni steringi wa picha alikuwa ananyata ndani ya ghala. Ndani ya picha mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo juu ya bati la Mama Tunu nayo ilinyesha, tone kwa tone, ikateremka ukutani ikaingia kwenye mfereji ambao nyumba hiyo haijawahi kuwa nao. Nje ilikuwa saa tisa mchana na Singida nzima ni jua na upepo. Jambazi akakanyaga kipande cha chupa nyuma ya shingo ya Ntandu. Ntandu ndiye aliyeupaka ukuta ule, anajua mpaka pale alipopitisha brashi mara mbili, na bado nywele za kisogo zilimsimama.

"Steringi! Nyuma yako we fala!" mtu akapiga kelele karibu na mlango.

Banda zima lililomo ukutani likalipuka. Benchi likalia. Mmoja akasonya, mwingine akafyonza soda mpaka mwisho wa chupa. Na kushoto, nyuma kidogo ya kiti cha Mama Tunu, kikatoka kicheko kimoja peke yake: kilianza chini kama mtu anaburuza gunia, kikakatika, halafu kikapasuka na kofi la paja juu yake.

Mama Tunu alikuwa ameshatabasamu kabla hakijaisha.

"Umemsikia Baba Tunu?"

"Nimemsikia."

"Maisha yangu yote na huyu mtu sikuwahi kusikia hicho kitu. Anatoka kazini kwenye minara ya simu, anakula, anafuta mdomo, analala. Nikawa namwambia dada yangu, mimi nimeolewa na nguzo. Kumbe kicheko anacho, ila alikuwa anakipeleka kwenye banda la picha kwa wanaume wenzake." Akapangusa jicho kwa ncha ya kanga. "Sasa kimerudi nyumbani."

Ntandu akaangalia chini.

Chokaa ya sauti ilipofika Singida watu walidhani ni utani. Unapaka ukuta kama unavyopaka chokaa ya kawaida, inakauka, unaunganisha na kisanduku kidogo cha ukubwa wa mche wa sabuni. Ndani ya ile chokaa kila punje inatetemeka kivyake. Kisanduku kinaangalia kichwa chako kiko wapi, kinaziamuru punje, na ukuta wote unakuwa mdomo. Mshale ukirushwa unausikia unatoka jikoni, unakupita sikioni, unachoma mlango. Kule bandani kwa Kitundu, mji mzima ulikokuwa unaangalia picha, kulikuwa na spika mbili, moja imechanika, na mvua ikinyesha kweli juu ya bati mnaangalia midomo tu.

Basi watu wakahamia majumbani. Na baada ya miezi wakaanza kulalamika. Sauti tamu, lakini mbona picha haina mzuka? Mtu anachekesha, unacheka peke yako, unajisikia kichaa. Kampuni ikasikia. Ikaja na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa kali: tuwauzie na watu. Wakamwendea Kitundu, wakaweka maiki chini ya kila benchi, wakatangaza siku nzima ya picha bure na soda. Banda likajaa mpaka madirishani. Kisanduku kikajifunza kila kicheko, kila msonyo, kila anayemwonya steringi, na toka siku hiyo ukiwasha picha yoyote, hata iliyotoka jana, watu wa Kitundu wanakaa ukutani kwako wanaitazama na wewe.

Na Kitundu mwenyewe? Banda lake sasa anahifadhia magunia ya alizeti. Wateja wake wote wako majumbani kwao, kila mmoja peke yake, wanasikilizana.

Mama Tunu akazima picha. Mvua ikakatika.

"Nimekuitia jambo," akasema. "Tunu anakuja Jumamosi na gari. Anataka nikakae naye Babati, anasema hapa nazeeka na ukuta. Mimi sijui. Nasikia siku hizi hawa watu wa ukutani mnaweza kuwafanya waongee."

"Inawezekana. Kisanduku kinatakiwa kipate sauti yake akiongea, kiunganishe na ile iliyopo ukutani."

"Ninazo, zimo kwenye simu, alizokuwa ananitumia." Akamkabidhi simu kwa mikono miwili. "Basi mfanye aongee. Nataka nimuulize. Akisema nenda, nitakwenda. Akisema kaa, Tunu atarudi na gari lake tupu."

Ntandu akazihamisha zile sauti. Hazikuchukua muda, maana marehemu Mkumbo, Baba Tunu mwenyewe, hakuwa mtu wa maneno. "Nimefika." "Weka maji." "Sawa." "Usifunge mlango." Kwa mwaka mzima wa mwisho mwanaume alikuwa hajafikisha maneno ya kujaza dakika.

Kisanduku kikapokea, kikawaka njano, kikatafuna. Halafu kwenye kioo cha mkononi mwa Ntandu yakatokea maandishi.

*Sauti hizi ni za watu wawili tofauti.*

Akarudia. Yakatokea tena. Akabadilisha waya, upuuzi mtupu, waya hauna kosa, lakini mkono lazima ufanye kitu.

"Vipi?" Mama Tunu akauliza. "Anakataa?"

"Mtandao huu mama. Nitakuja kesho."

"Nyie mafundi na kesho yenu," akasema, akacheka kidogo. "Haya. Amengoja miaka, kesho si mbali."

*

Kesho yake asubuhi Ntandu alikwenda kunywa supu kwa Msengi, karibu na stendi. Hakwenda kuchunguza kitu. Alikwenda kwa sababu hakulala na tumbo linaunguruma.

Msengi alikuwa amesimama nyuma ya sufuria la kongoro, aproni imelowa mafuta, anambishia dereva mmoja wa lori.

"Ndimu mbili za nini? Unataka kunywa supu au unataka kuosha gari?"

Dereva akajibu kitu, Msengi akacheka. Kilianza chini, kama mtu anaburuza gunia. Kikakatika. Halafu kikapasuka, na kofi likatua kwenye paja.

Kijiko cha Ntandu kikabaki hewani.

Alingoja dereva aondoke. Akasogea karibu na sufuria.

"Kaka Msengi. Ile siku ya kurekodi kule kwa Kitundu, wewe ulikaa wapi?"

"Mbele kushoto, karibu na nguzo. Kwa nini, mnataka kunilipa?"

"Pale si palikuwa pa Mkumbo? Mbona niliona kofia yake ya njano pale kwenye benchi?"

Hapa inabidi uelewe jambo moja la bandani. Kwa Kitundu hakukuwa na tiketi wala namba. Ukitaka kutoka kuvuta sigara unaacha kofia, kandambili, hata kibiriti, na hakuna mtu atakayepagusa. Kukalia kofia ya mtu ni sawa na kuhamia kwake. Kwa hiyo siku ile Ntandu alipoambiwa azipe maiki majina ya watu, hakusumbuka kumwuliza mtu. Alipita kati ya mabenchi kabla picha haijaanza, akasoma kofia. Kofia za mji huu anazijua zote.

"Palikuwa pake," Msengi akasema. "Nilichelewa, nimesimama kama mlingoti, Mkumbo akaniita. Akaniambia, kaa hapa, mimi narudi nyuma, kikohozi changu kitawaharibia. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumtesa. Kofia niliipakata mimi mpaka mwisho." Akakoroga. "Mtu mzuri yule. Kimya, lakini mzuri. Kwani kuna nini?"

Ntandu akamwambia. Hajui kuzungusha maneno. Alimwambia kama lilivyo: kicheko chako kinaishi sebuleni kwa mjane wa Mkumbo, kushoto kwa kiti chake, na anadhani ni mumewe.

Msengi hakucheka. Aliangalia kama mke wake yuko karibu, kisha akashusha sauti.

"Nitoe humo."

"Kaka..."

"Nitoe humo, Ntandu! Mimi nina mke. Hivi huyo mama akiwa anabadilisha nguo mimi niko wapi?"

"Uko ukutani, husikii chochote."

"Husikii, husikii! Wewe ungependa?" Akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Halafu, polepole: "Anafurahi?"

"Sana."

"Dah." Akamwongezea supu bila kuulizwa.

*

Vaileth wa ofisini alipokea simu akiwa anatafuna kitu.

"Umekosea jina moja, sawa. Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba siyo mume wake, dada."

"Mteja ameandika malalamiko?"

"Hajui."

"Basi hamna shida. Nisikilize. Kwenye kisanduku kuna sehemu ya kulazimisha, unaijua. Lazimisha. Zile sauti za simu zitakaa juu ya kicheko, siku mbili tatu ukuta utazoea, hatajua na wewe hutajua."

"Anataka kumwuliza kama ahame Babati."

Vaileth akaacha kutafuna. Halafu akacheka, siyo kwa ubaya, kwa uchovu. Naye alisikika kama hajalala.

"Hatahama. Wakishaanza kuongea hawamwambii mtu ahame. Mashine imefundishwa imbakize mtu kwenye kiti, Ntandu, chokaa haiwezi kufungwa kwenye gari. Ulidhani itamwambia nini?"

Ntandu akakwangua chokaa iliyoganda kwenye kiwiko.

"Na ukifungua hilo la kofia," Vaileth akaendelea, "jua siyo Mama Tunu peke yake. Itabidi banda zima litolewe, nyumba zote. Wangapi wana marehemu wao mle? Watakuja na mawe. Siyo kwangu, mimi niko Dodoma. Kwako. Lazimisha ukalale, mdogo wangu."

Simu ikakatika.

Akaenda bandani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukaa bila kusemeshwa. Kitundu alimfungulia, akamwonyesha benchi lililobaki kati ya magunia, akarudi kwenye kupima alizeti. Mle ndani palinuka vumbi na mafuta. Ntandu akaweka spika sikioni, akafungua ile siku ya kurekodi, maiki moja moja. Alipita kwa wanaoropoka, wanaotafuna, mmoja aliyelala anakoroma. Mwisho kabisa, benchi la nyuma, kulikuwa na maiki aliyoipa jina la mtu ambaye siku hiyo aliacha kandambili akaenda zake nyumbani.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Pumzi tu. Kisha koo likasafishwa mara mbili, fupi, kama mtu anabisha hodi kwa adabu. Mtoto kwenye picha alipopigwa risasi, watu wote mbele walipiga kelele, na nyuma kule sauti ya chini ikamwuliza jirani, "Amekufa?"

Basi. Neno hilo tu, picha nzima.

*

"Leo mtandao upo?" Mama Tunu akauliza. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, la sikukuu, na amejipaka wanja. Kwa ajili ya kuongea na ukuta.

Kidole cha Ntandu kilikuwa juu ya neno *Lazimisha*. Lilikuwa jekundu, kubwa, rahisi. Angelibonyeza, angekuwa kitandani kabla ya magharibi, na mama wa watu angeambiwa kaa, akakaa, mpaka siku watu watakapokuja kumtoa amelala.

"Mama," akasema. "Yule siyo Baba Tunu."

Alieleza yote, kofia, benchi, kikohozi. Hakumtazama. Alipomaliza, upepo wa Singida ulikuwa unasukuma mlango.

"Ni nani?"

"Yu hai. Ana mke wake."

"Nimekuuliza ni nani."

"Msengi. Wa supu."

Mama Tunu akasimama. Akavuta kanga akajifunika kichwa, haraka, kama mtu amefunguliwa mlango wa bafu.

"Nimekaa eda hapa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, halafu ikapanda. "Nimekaa eda yangu kwenye kiti hiki, Ntandu! Sijatoka mlango huu, sijamwona mwanaume, nasali, na wewe ukutani umenitilia muuza makongoro!"

"Nisamehe mama."

"Nimemsimulia! Usiku nimemsimulia mambo ya ndani, nikachekewa nikashukuru!" Akachukua kandambili akaupiga ukuta, pale kushoto, mara moja, mara mbili. Chokaa ikadondoka. Kisanduku, maskini, kikadhani ni picha imeanza, na kule mlangoni mtu akaropoka, "Mpige huyo!"

Wakatazamana. Kuna kitu kilimtoka Mama Tunu puani, nusu kilio nusu kicheko, akakaa chini kwenye mkeka.

"Wazime," akasema. "Wote."

Ntandu akawazima. Nyumba ikawa nyumba. Akasikia kuku nje, akasikia sufuria jikoni inatokota.

"Na yeye?" akauliza mama. "Mwenyewe yuko wapi? Au hakuwemo kabisa?"

"Yumo. Alikaa nyuma. Lakini hacheki mama."

"Niwekee."

Akamweka palepale kushoto. Pumzi zikaja. Zikaenda. Zikaja. Halafu koo likasafishwa mara mbili.

Mkono wa Mama Tunu ukaganda juu ya goti.

"Ee," akasema taratibu. "Ndiye. Alikuwa ananikera hivyo hivyo kila asubuhi. Namwambia kunywa maji ya tangawizi, hanywi."

Wakasikiliza mpaka alipouliza, "Amekufa?" Mama Tunu akafumba macho. Kisanduku mkononi mwa Ntandu kikawaka kijani, chenyewe, bila kulazimishwa. Kimelinganisha na zile sauti za simu. Ni mtu mmoja.

Angeweza kukaa kimya na hilo nalo. Lakini alishachoka kubeba.

"Sasa kinakubali," akasema. "Ukitaka ataongea, kwa sauti yake kabisa. Ila maneno yatakuwa ya mashine, mama. Na mashine haitakwambia uende Babati. Haijawahi kumwambia mtu hivyo."

Mama Tunu akageukia ukuta. Alikaa hivyo, mdomo umefunguka kidogo, swali lipo palepale kwenye ulimi. Ukuta ulipumua, unamngoja.

"Miaka yote," akasema mwishowe, "sikuwahi kumwuliza huyu mtu jambo akanijibu. Nikimwuliza leo akanijibu, nitajua siyo yeye."

Akashika goti akainuka. Akakichukua kisanduku mwenyewe, akakizima, akakitia kwenye mkoba wa Ntandu na kuufunga zipu.

"Watakufukuza?"

"Nadhani. Na nyumba nyingine zote itabidi nipite nikawaambie."

"Watakupiga."

"Baadhi."

"Hapa sikupigi. Vua shati usilichafue, tulitoe hili kabati kabla Tunu hajaja na gari." Akashika upande wake tayari, kanga ameifunga kiunoni. "Inua, usiburuze. Miguu yake mibovu."